Nyumba Isiyosema Uongo

Najua mmenuna. Wiki nzima nimemwacha mama wa watu mlangoni na begi mkononi, jua likimpiga kisogoni, na kila niliyekutana naye njiani ameniuliza nina roho gani. Roho ninayo, nafasi gazetini ndiyo iliyoniishia. Haya, tumfungulie mlango.

"Hodi wanangu," mama alirudia.

Hakimu, yule binti anayesomea sheria, bado alikuwa ameshika kitasa. Alikuwa amekimbilia mlango akidhani ni mjomba. Wote watatu waliobaki ndani ya nyumba ile walikuwa wanamsubiri mjomba tangu jana, tangu mwenzao wa nne, Kinyozi, alipokata roho hospitalini kwa pumu. Na mjomba huyo wa Kinyozi alikuwa ametoa agizo moja tu kwenye simu: dada yake, mama wa Kinyozi, ana presha, asiambiwe na mtu yeyote. Atamfuata mwenyewe kwake, amwambie taratibu akiwa amezungukwa na ndugu.

Dada mtu ndiye huyu hapa, peke yake. Futi yake ya kushonea ilikuwa bado inaning'inia shingoni, kwa haraka aliyotoka nayo.

"Wewe ndiye Hakimu," alisema, kama mtu anayeonyeshwa picha aliyosimuliwa muda mrefu.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Subirini kidogo. Kuna wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, labda gazeti umelikuta limefunikia sufuria ya mtu, nami siwezi kukuacha gizani. Nyumba hii waliipanga wanafunzi wanne wa chuo. Hakimu umeshamjua. Sindano anasomea uuguzi. Profesa anasomea falsafa, na uprofesa wake uko mdomoni tu. Kinyozi alisomea ualimu, na jina alilipata kwa sababu kila Jumapili aliwanyoa wenzake barazani, mmoja mmoja, wakiwa wamekalia ndoo iliyopinduliwa.

Mwaka jana, kwa wazo la Hakimu, waliapa. Ndani ya kuta hizi hakuna uongo, hata ule mdogo wa "nimeshiba, asante." Nje, dunia idanganyane itakavyo. Na Jumapili, aliyekalia ndoo anaulizwa lolote na lazima ajibu kweli. Atakayedanganya anafungasha virago. Majirani waliwacheka mpaka wakachoka, lakini wenyewe walijiona wameanzisha dunia mpya.

Sasa turudi mlangoni, swali bado linaning'inia.

"Hayupo, mama," Sindano alidakia kutoka nyuma. "Karibu ndani kwanza, upumzike."

Hayupo. Hakuwa amedanganya, wala hakuwa amesema kitu. Profesa, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, alikohoa na kugeuka pembeni.

Mama aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti na kulipakata begi lake kama mtoto. "Hayupo kaenda wapi? Simu yake haishiki tangu juzi."

"Kifua kilimbana," Sindano alisema. "Tukampeleka hospitali."

"Nilijua." Mama alipiga paja polepole. "Jana mdogo wangu kanipigia, ananiuliza nimekula? Tangu lini yule ananiuliza kama nimekula? Nikasema hapa kuna jambo. Alfajiri nikapanda basi, sikumuaga mtu. Sasa nipelekeni huko hospitali."

"Kunywa maji kwanza, mama," Hakimu alisema. Sauti aliisikia ikitoka, hakuitambua kuwa ni yake.

Alikwenda jikoni, na wenzake wakamfuata kama vifaranga. Kabla hajafungua jagi, simu ikalia, akaiweka spika kwa sauti ndogo. Mjomba.

"Nimefika kwake, mlango umefungwa," mjomba alisema, anahema. "Majirani wanasema ameondoka na basi la kwanza."

"Yuko hapa, mjomba."

Lori lilisikika likinguruma upande wa pili, maana mjomba ni dereva wa malori na siku hiyo alikuwa ameliomba la kazini.

"Mmemwambia?"

"Bado."

"Msimwambie. Nageuza sasa hivi. Mwambieni amelala, mwambieni daktari amekataza wageni, semeni lolote. Baba yake yule mtoto alipokufa, dada yangu alianguka, na nusura tuzike wawili. Nakuomba, mwanangu. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu."

Akakata. Hakimu aliweka simu karibu na sufuria na kuwatazama wenzake.

"Mmesikia," Sindano alinong'ona. "Nampima presha, nampa chai, nakaa naye mpaka mjomba afike. Akiuliza, kijana amelala. Basi."

"Kiapo hakikusema 'isipokuwa msiba,'" Profesa alisema.

"Profesa, leo si siku ya kitabu."

"Sisemi kitabu. Mwenzetu kakaa humu mwaka mzima hajatudanganya hata siku moja. Leo mama yake ndiye tumdanganye? Tena akiwa amekaa kwenye kiti chake?" Profesa alikuwa analia huku anabisha, kamasi zinamtoka, na hakujali. "Kama kiapo ni cha siku za raha tu, tulikuwa tunacheza."

"Tulikuwa tunacheza ndiyo. Siku tunaapa, nani hapa alikuwa amefiwa?"

Wote wawili wakamgeukia Hakimu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: ugomvi wa sabuni, ugomvi wa zamu ya kudeki, Hakimu ndiye alikuwa anakata shauri. Safari hii aliligeukia jagi na kuanza kumimina maji. Hajatudanganya hata siku moja, Profesa alisema. Maneno yale yalimchoma, kwa sababu mwongo wa nyumba ile alikuwepo, na alikuwa yeye.

Nanyi wasomaji mnalijua hilo, mliisoma ile Jumapili. Lakini nitaigusa tena, nivumilieni.

Ilikuwa zamu ya Hakimu kukalia ndoo. Kinyozi alikuwa ameshamnyoa upande mmoja, mkasi uko mkononi, wenzao wawili wamekaa kwenye ngazi wanacheka mambo yao. Akauliza pale pale, mbele yao, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Unanipenda?"

Hakimu huyu ndiye aliyekuwa akihubiri kila siku kwamba ndoa ni mtego wa wasichana wenye akili. Ndiye aliyewacheka wenzake walioacha masomo kwa ajili ya wanaume. Alimpenda Kinyozi mpaka alikuwa anazijua hatua zake akiwa bado mtaani. Lakini macho ya Sindano na Profesa yalikuwa yanamtazama, na kiburi kikamshika ulimi.

"Hapana," alisema. "Sikupendi."

Kinyozi alimgeuza kichwa taratibu. Akamalizia kunyoa, upande wa pili ukalingana na wa kwanza, akampuliza nywele shingoni kama siku zote, akakung'uta kitambaa. Kabla ya wiki kwisha, alikuwa hospitalini anaitafuta pumzi asiipate.

Sindano alishamwambia mara kadhaa kwamba pumu haina habari na mapenzi. Ni vumbi, ni baridi, ni dawa iliyochelewa. Hakimu alimsikiliza, akashukuru, na hakuamini hata neno moja.

"Mpelekee maji," alisema sasa. "Tusimwambie. Tumsubiri mjomba."

Profesa alifuta uso kwa mkono wa shati, akatoka jikoni bila kumjibu.

Mama alikunywa maji yote kwa mkupuo mmoja, akarudisha bilauri na kumtazama Hakimu kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha, katikati ya hofu yake yote, akatabasamu.

"Simama vizuri nikuone, mkwe wangu."

Sindano, aliyekuwa anatoa kile kipimo chake cha presha, aliganda.

"Mkwe, mama?" Hakimu aliuliza.

"Usione haya. Kaniambia Jumapili ile ile. Alikuwa ananipigia kila Jumapili jioni, lakini ile alichelewa mpaka nikaanza kununa. 'Mama,' kasema, 'yule binti niliyekuambia nimemuuliza.' Nikamwambia, enhe? Kasema, 'Amekubali, mama.'" Mama alifungua begi. "Nililia peke yangu mbele ya cherehani. Miaka yote namwambia, mwanangu, mimi mgonjwa, nisife kabla sijaona mtu wa kukutunza. Nikasema Mungu amenisikia."

Hakimu alishika mgongo wa kiti. "Alipiga simu akiwa hapa ndani?"

"Humo ndani? Hapana, alikuwa barabarani. Pikipiki zilikuwa zinapita, nikamwambia ingia ndani sikusikii. Kasema hapana mama, hili ngoja nikuambie nikiwa huku huku nje."

Alitoka nje. Mnaelewa, wasomaji wangu? Kijana amekataliwa mbele ya watu, moyo umepasuka, mama yake mgonjwa anasubiri habari. Anataka kumpa furaha ya uongo, lakini kiapo ni kiapo. Basi anafungua geti, anasimama kwenye vumbi, anadanganya akiwa upande wa dunia unaoruhusiwa kudanganya, kisha anarudi ndani kulala. Hakimu alielewa yote kwa mara moja.

"Hili nimelishona wiki hii," mama alisema. Lilikuwa gauni la rangi ya udongo mwekundu, mikono mirefu, shingo imetulia. "Sijakupima, nimeshona kwa maneno yake. Kaniambia mabega yako mapana kidogo, kiuno hakipo. Kijana gani anajua hivyo, nikamwuliza, akacheka. Livae, nione kama mwanangu ana macho."

"Mama, baadaye..."

"Baadaye tutakuwa hospitali. Livae akuone nalo."

Angekataa kwa neno gani? Akaingia chumbani, akavaa, akatoka. Mabega yalikaa sawasawa. Urefu ulikaa sawasawa. Kijana wa watu alikuwa amemtazama vizuri mwaka mzima, na yeye alikuwa anajifanya kusoma.

Mama alipiga magoti, akaweka pini midomoni, akaanza kupunguza kiuno. Alifanya kazi kwa vidole vyepesi. Sindano alitazama sakafu. Profesa alikaa ukutani, kichwa katikati ya magoti.

Pini ya tatu haikuingia. Mama alijaribu tena, kitambaa kikamponyoka. Mikono yake ilikuwa imetulia. Kilichokuwa kinatetemeka ni mwili wa Hakimu.

Mama alizitoa pini midomoni moja moja, akazichoma kwenye kola yake. Alimtazama Hakimu, akamtazama Sindano, akamtazama Profesa. Alikuwa mama mtu mzima, ameshazika, anazijua nyuso.

"Mwanangu kaniambia mna ndoo," alisema taratibu. "Iko wapi?"

Profesa na Sindano waliangaliana.

"Nimeuliza ndoo."

Profesa aliinuka, akaenda barazani, akairudisha. Nywele fupi nyeusi zilikuwa bado zimegandia kwenye ukingo wake. Akaipindua katikati ya chumba, akarudi ukutani.

"Kaa, mkwe wangu."

Hakimu alikaa. Nyuma ya mama, Sindano alikuwa anatikisa kichwa, midomo inasema bila sauti: mjomba, mjomba. Hakimu alimwona. Alimkumbuka pia mjomba anavyohema kwenye simu, na yule baba aliyezikwa, na nusura wazikwe wawili. Neno moja dogo lingetosha. Amelala. Angesema amelala, na mama angepumua, na mzigo ungekuwa wa mjomba.

"Mwanangu yu hai?" mama aliuliza.

Macho yake hayakuwa yanaomba kudanganywa. Yalikuwa yanaomba mtu mmoja tu amheshimu.

"Hapana, mama," Hakimu alisema. "Amefariki jana asubuhi."

Sindano aliruka na kumshika mama mabega kwa nyuma. Lakini mama hakuanguka. Alikaa chini sakafuni polepole, kama mtu anayekaa kuchambua mchele, akanyoosha miguu, akaivuta futi kutoka shingoni na kuanza kuikunja.

"Alikuwa na nani?"

"Mimi nilikuwepo, mama," Sindano alisema. "Sikumwachia mkono."

"Alisema nini?"

"Hakuweza kusema. Pumzi haikutosha."

"Haya," mama alisema. "Haya." Kisha futi ikamwanguka, mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka sitaiandika, kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia majumbani kwenu na hamna haja ya kukumbushwa. Hakimu aliteremka kwenye ndoo, akamkumbatia pale sakafuni, wakalia wote wawili mpaka gauni jipya likalowa kifuani. Profesa alilia kwake ukutani. Sindano alilia huku ameshika mkono wa mama, anapima mapigo ya moyo, maana hata kwenye machozi kijana yule ni muuguzi.

Walipotulia kidogo, jua likiwa limeshavuka utosi, mama alijifuta uso kwa kiganja.

"Rudi kwenye ndoo," alisema.

"Mama, pumzika."

"Limebaki moja tu. Rudi ukae."

Hakimu alirudi.

"Mwanangu alikuwa na tabia ya kunificha mabaya. Tangu mdogo. Akianguka, anasema amekaa." Mama alimeza mate. "Nataka kujua amekwenda vipi. Amekwenda na furaha au amekwenda na kidonda? Usinionee huruma. Ulimkubali kweli?"

Profesa aliinua kichwa. Sindano aliacha kuhesabu mapigo. Wote wawili walikuwa pale kwenye ngazi siku ile, walilisikia lile "hapana" kwa masikio yao, na wote wawili walijua nani alikitunga kiapo.

Hakimu alimtazama mama aliyekaa sakafuni, viganja wazi, hana mume, hana mtoto. Ukweli alishampa, ule mkubwa, na ulikuwa umemvunja. Huu mwingine ungemfanyia nini? Ungemwambia mwanao alikufa amedhalilishwa. Ungemwambia furaha uliyolilia mbele ya cherehani haikuwepo. Na ukweli wenyewe ungeanzia wapi? Kwamba nilikataa? Au kwamba kukataa kwenyewe ndiko kulikuwa uongo?

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilimkubali. Nilimpenda sana mwanao."

Kwenye jibu lile nusu ilikuwa kweli na nusu uongo, na mwenyewe hakuweza tena kuzitenganisha. Alimgeukia Profesa, akisubiri. Kiapo ni kiapo. Atakayedanganya anafungasha. Profesa alifungua mdomo.

"Ni kweli, mama," Profesa alisema, sauti imekauka. "Nilikuwepo. Alifurahi sana siku ile."

"Sote tulikuwepo," Sindano aliongeza.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha ile dunia yao mpya, mchana kweupe, na hakuna hata mmoja wao aliyetamani kuirudisha.

Mama alifumba macho. Alipumua kwa mara ya kwanza tangu aingie, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo mmoja kati ya miwili. "Basi nimepata wa kulia naye," alisema. "Utakaa nami msibani, upande wangu wa kulia, kama mkwe. Nitawaambia wote, huyu ndiye aliyempa mwanangu siku njema za mwisho."

Hakimu aliitika kwa kichwa. Kila neno la shukrani lilimwingia kama pini zile, naye alikaa nalo, aliona ndiyo haki yake.

Nje, lori lilizima. Geti likalia. Mjomba aliingia bila hodi, shati limelowa mgongoni, na tabasamu alilolifunga usoni kwa nguvu tangu njiani.

"Dada, umenikimbiza wewe. Mgonjwa wetu hajambo, nimetoka kuongea na daktari..."

"Nyamaza, mdogo wangu," mama alisema kwa upole. "Nimeshaambiwa."

Tabasamu likamdondoka. Mjomba aliwatazama vijana wale watatu kwa hasira, akamtazama dada yake aliyekuwa hai, anaongea, ameshikwa mkono, na hasira ikaisha nguvu. Akachutama, akamwekea dada yake kichwa begani, akalia kama wanaume wanavyolia, kwa kukohoa.

Mama alimpapasa kisogo. "Njoo umsalimie mkwe wetu. Mtoto wetu hakuondoka mikono mitupu. Huyu hapa, Hakimu."

Mjomba aliinua uso polepole. Alilitazama gauni. Alimtazama binti aliyekuwa ndani yake.

"Hakimu," alirudia. "Huyu ndiye Hakimu?"

"Shikamoo, mjomba," Hakimu alisema.

Mjomba hakuitikia. Aliinuka, akasimama mbele ya ndoo, vumbi la safari bado kwenye nyusi.

"Dada, Jumapili ile mpwa wangu alikupigia simu wewe," alisema. "Alipomaliza, alinipigia na mimi."

Mama alitabasamu katikati ya machozi. "Alikuambia pia? Alifurahi, ee? Niambie alisemaje."

Chumba kizima kilimgeukia mjomba. Hakimu alimtazama machoni, akamwomba kwa macho kile kile alichoombwa yeye asubuhi kwenye simu.

"Alilia, dada," mjomba alisema. "Alilia mpaka nikasimamisha gari."